Tairi la Mbele la Kushoto

Harufu ilikuja kabla ya moshi, na wa kwanza kuinusa alikuwa mavyaa wangu, ambaye kwa kawaida hanusi kitu isipokuwa makosa ya watu.

"Kitu kinaungua," akasema.

Nikamwambia ni pilau. Tulikuwa tumepakia masufuria matano ya pilau nyuma ya gari, tunapeleka harusini Matemwe, na tulishapita Kinyasini. Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli za watu. Kazi yake yeye ni kukaa kiti cha mbele, kuonja, na kusema mdalasini umezidi.

"Pilau langu haliungui," akasema. Pilau likiwa zuri ni lake, likiwa baya ni langu. "Na miguu yangu inapata joto. Kama nimekaa juu ya jiko."

Inafaa nieleze hapa kwamba bibi huyu ni mama wa mwanamme aliyeniacha. Mwanawe alinipa talaka, yeye hakunipa. Siku ya pili tu baada ya eda yangu kwisha alikuja kwangu Mkunazini, akakaa, akauliza leo kuna mchuzi gani. Tangu siku hiyo tumeendelea hivyo. Wengine hurithi mashamba, mimi nilirithi mavyaa na gari kongwe ya mizigo yenye viti viwili na nusu mbele. Mwanawe ni fundi magari, tena fundi kweli, na hilo ndilo lililotuachanisha. Alitengeneza gari za mji mzima isipokuwa ya nyumbani kwake, na siku moja nilikuta gia boksi imelowekwa kwenye beseni langu la kuoshea mchele. Nilisema maneno siku ile. Na yeye akasema yake, na katika yake lilikuwemo lile moja lisilorudi.

Basi tukasikia gari inazidi kuwa nzito. Nakanyaga mafuta, haiendi. Naachia, inasimama yenyewe kama punda aliyeona chatu. Usukani unanivutia kushoto na wala sijagusa breki. Halafu moshi ukatoka tairi la mbele la kushoto, mwembamba, mweupe, na ule mnuko wa breki iliyoungua ambao nilikuwa naujua kwa sababu nilikaa nao kitanda kimoja miaka mingi. Nikaegesha.

Sijui wanaume hutokea wapi. Barabara ilikuwa tupu, migomba huku na minazi kule, na kabla sijafungua mlango walikwisha kuwa wanne. Wa kwanza akasema bearingi. Wa pili akasema hendibreki umeisahau, nikamwambia hendibreki inakamata nyuma na kinachotoka moshi ni mbele, akasema gari nyengine hazina mpango. Wa tatu alikuja na ndoo ya maji, na alikuwa ameshaiinua.

"Usimwage," nikamwambia. "Chuma cha moto hivyo ukikitia maji baridi kinapasuka."

Akaniangalia kama vile tairi ndilo limesema. Wa nne akamuuliza mavyaa kama harusi ina nyama ya ng'ombe au ya mbuzi.

Mavyaa alishuka, akatazama ule moshi, akatangaza kuwa hili ni jicho la mtu, na huyo mtu anamjua, na anakaa Michenzani ghorofa ya tatu. Kisha, kwa kuwa adhuhuri ilikuwa imeingia, akaomba maji ya ile ndoo, akatawadha, akatandika kanga pembeni akasali. Alisali kwa kituo. Alisali na sunna. Simu yangu ilikuwa inaita, watu wa harusi wanauliza chakula kiko wapi, na mimi naangalia tairi. Alipotoa salamu na kumaliza dua zake, dua ndefu ambamo nilisikia ghorofa ya tatu ikitajwa, nikawasha gari kujaribu. Ikaondoka laini, kama haikuwa yenyewe.

"Umeona?" akasema mavyaa.

Niliona, lakini sikuona alichokiona yeye. Niliona kwamba gari ikipumzika inaachia. Tulifika Matemwe kwa kwenda polepole na kusimama njiani. Shangazi wa bibi harusi alitupokea kwa maneno ambayo kwenye harusi hayafai, nami nikamjibu kwa mengine yasiyofaa pia, na watu wakala.

Fundi wangu wa wakati ule alikuwa na gereji Mwanakwerekwe, si mbali na soko. Mtu mzuri, mcheshi, na kila ugonjwa kwake dawa ilikuwa moja: pedi za breki. Akafungua tairi, akaniletea zile pedi za zamani zimeungua mpaka zimekuwa kama mkate uliosahauliwa, akasema tatizo hili hapa. Akatia mpya. Nikaendesha mpaka Darajani, safi. Nikaendesha kutwa, na jioni harufu ikarudi.

Nikarudi kwake. Mara hii akasema kalipa, yaani ile mikono ya chuma inayozibana pedi; ndani yake mna pistoni, na pistoni ikishika kutu kwa chumvi ya pwani hairudi. Maneno ya maana kabisa. Akanitilia kalipa nyengine. Siku mbili gari ikawa malaika. Siku ya tatu nikatoka Bububu na tairi linatoa moshi, na watoto wa chuo cha Kurani wakikimbia pembeni wananipungia mkono kama mimi ni sherehe.

Niliporudi mara ya tatu, yule fundi alifuta mikono kwa kitambaa, akakuna kidevu, akaniuliza kwa upole, "Bibi, samahani. Wewe unaendeshaje?"

"Kwa mikono na miguu."

"Maana wako akina mama wanaendesha huku mguu umelala juu ya breki. Hawajijui."

Nilimshukuru, nikaondoka na gari yangu mbovu. Lakini neno lake lilinikera kiasi kwamba niliamua kulifanyia utafiti. Kesho yake nilivua kiatu cha kulia, nikaendesha mguu mtupu kutoka Malindi mpaka Mahonda na kurudi, nauangalia mguu wangu kama polisi. Ukikanyaga breki najua, ukitoka najua. Kila niliposimama nilishuka nikaweka nyuma ya kiganja karibu na rimu za matairi yote. Nyuma, baridi. Mbele kulia, vuguvugu, kama chai ya mgonjwa. Mbele kushoto, hata kukaribia huwezi. Asubuhi gari ikianza safari huwa nyepesi. Lakini nikikanyaga breki mara nyingi, nyingi, kwenye foleni au mteremko, na hapo tu ndipo inapokamata. Nikiiacha isimame nikanunua samaki na kurudi, imeachia tena.

Hayo yote nilimweleza mavyaa, kwa sababu watoto wetu wakubwa wanakaa mbali, na hakuna mwengine wa kumweleza. Alisikiliza. Siku ya pili alikuja na chupa ya maji ya kombe, yaliyooshea maandishi ya aya, kutoka kwa maalim wake, akayanyunyiza juu ya boneti na kwenye lile tairi. Sikumkataza. Gari ilikuwa na vumbi.

Siku ya tatu alikuja na habari nyengine. Alikaa kwenye kiti changu cha jikoni, akachukua ungo wa mchele ambao sikumpa, akaanza kuchagua chuya.

"Nimezungumza na baba watoto wako," akasema bila kuinua uso. "Kasikia habari ya gari. Kasikitika sana. Kasema atakuja mwenyewe kukutazamia. Kaniomba nikuulize kama utaridhia."

"Yeye kaomba?"

"Kaomba. Tena kwa adabu."

Mwanamme yule sikuwahi kumsikia akiomba kitu kwa adabu tangu siku ya posa, na siku ile alikuwa amekuja na wazee. Lakini nilikuwa nimechukua kazi ya harusi Kizimkazi, nayo ilikuwa inakaribia, na nilikuwa sitaki kupika pilau halafu nilisukume. Nikasema sawa, aje, lakini si kwangu. Tukakubaliana uwanja wa nyumba ya mavyaa, Kikwajuni, Jumapili asubuhi, naye mwenyewe akiwepo.

Nilifika nimevaa baibui langu la kazi, lenye doa la samli ambalo halitoki. Yeye alifika na shati jeupe lililopigwa pasi, na udi. Nilimnusa kabla hajafika kwenye mlango wa uwanja. Mavyaa alikuwa ameweka kiti kivulini, ungo mapajani, mahali ambapo anatuona sote wawili na hakosi hata neno.

"Hujambo, mama watoto."

"Sijambo. Unakwenda harusini?"

Akakunja mikono ya shati, akanyanyua gari kwa jeki, akalizungusha tairi kwa mkono. Likazunguka vizuri.

"Hili zima," akasema.

"Ni zima likiwa limelala. Ngoja."

Nikaingia garini, nikakanyaga breki, nikaachia, nikakanyaga, nikaachia, mara nyingi kama mtu anayeshona cherehani ya miguu. Yeye chini anajaribu kulizungusha.

"Achia."

"Nshaachia."

"Hujaachia. Tairi limekamata. Toa mguu."

"Nshatoa, nnakwambia."

"Mama watoto, uko juu ya breki."

Nikafungua mlango nikautoa mguu wote nje, nikaunyoosha mpaka mbele ya macho yake pale alipolala. "Huu hapa. Utazame. Wa pili unataka pia?"

Akautazama mguu, akalitazama tairi, akalisukuma kwa mikono yote miwili. Halikwenda. Kule kivulini nikasikia mavyaa anakohoa.

"Basi kalipa," akasema. "Pistoni imekwama."

"Kalipa mpya."

"Mpya ya wapi? Watu wanazipaka rangi hizo."

"Basi mastasilinda?" nikamwambia, kwa sababu nilimjua, nilijua anapokwenda. Mastasilinda ndicho kile kikombe cha juu kinachosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye matairi.

"Inaweza kuwa mastasilinda."

"Mastasilinda ingekuwa ndiyo inayozuia, mbona tairi la kulia linazunguka? Si ndiyo hiyo hiyo inayolisukumia?"

Akanyamaza. Katika ndoa yetu kunyamaza kwake kulikuwa ndiyo njia yake ya kukubali, na sikuwahi kupata nyengine. Kisha akasema, "Hebu nieleze tena. Tangu mwanzo. Inakamata lini, inaachia lini."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kusimama kwa kununua samaki, akainua kichwa. Akachukua spana ndogo, akaishika ile niple ya nyuma ya kalipa, kijiti cha chuma chenye tundu la kutolea mafuta na upepo. Akailegeza kidogo tu. Mafuta yakaruka kwa nguvu, meusi kama kahawa ya jana, yakampata shati jeupe kutoka kola mpaka kifungo cha tatu. Na tairi, mimi nikalisukuma kwa kidole, likazunguka.

"Kwa hiyo kalipa nzima," akasema, huku mafuta yanamchuruzika. "Ilikuwa imeshikwa na mafuta yenyewe. Yameingia, hayakutoka."

"Hilo shati ndilo limekwisha," nikamwambia. "Nani anavaa nyeupe na kujifukiza udi kuja kulala chini ya gari?"

Akafuta shingo. Akateremsha sauti, lakini uwanja wenyewe mdogo. "Mama kanambia umeniita. Kasema gari ni sababu tu, una jambo unataka tuzungumze."

"Mimi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mie kanambia wewe ndo umeomba kuja. Tena kwa adabu."

Tuligeuka pamoja. Mavyaa alikuwa ameinamia ule ungo mpaka kilemba cha kanga kinagusa mchele, na anachagua kwa kasi ambayo chuya yoyote ingekimbia yenyewe.

"Talaka ilikuwa moja tu," akasema, akiuambia mchele.

"Mama, nna mke," akasema mwanawe.

"Sheria inakuruhusu."

"Sheria inamruhusu," nikasema, "mie ndo simruhusu."

Nilidhani atakasirika, yeye aliyekuwa mume wangu. Badala yake alicheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia, na mimi nikacheka, na nikajua kwa hakika kwamba hata yeye hakuwa anataka. Alikuja na udi kwa sababu mama yake kamwambia, kama alivyokwenda kila mahali maisha yake yote. Kwa dakika chache tulikuwa tunacheka pale chini kama watu wasiowahi kutupiana gia boksi. Nilisikia kitu kifuani, sitakataa. Hakikuwa kutaka kurudi. Kilikuwa zaidi kama mtu anapopita nyumba aliyokaa zamani akaona wenyewe wameipaka rangi vizuri.

"Haya," akasema. "Kanyaga tena. Mpaka ikamate."

Nikakanyaga mpaka tairi likakamata. Safari hii hakugusa niple. Alipanda juu kidogo, pale ambapo bomba la chuma linalotoka mastasilinda linaungana na mpira wa breki, ule mpira mfupi unaopeleka mafuta kwenye kalipa huku ukijipinda tairi linapokata kona. Akailegeza ile nati ya juu ya mpira. Likadondoka tone, na tone jengine.

"Sukuma tairi," akaniambia.

Nikasukuma. Limekamata vile vile.

Tukatazamana. Juu ya mpira hakuna nguvu, chini ya mpira tairi limebanwa. Hakukuwa na pahala pengine pa kwenda.

"Mpira," nikasema.

"Mpira," akasema yeye.

Akaufungua. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa, hauna ufa, hauna uvimbe. Alikuwa hana kisu, akaingia jikoni kwa mama yake akachukua kile cha kukatia samaki, na mavyaa alilalamikia kisu kuliko alivyolalamikia ndoa. Akaupasua kwa urefu. Ndani mpira ulikuwa umevimba na kumenyeka, kipande kimening'inia kama ulimi, na tundu la katikati limebaki la kupitisha sindano. Akanieleza, ingawa nilikuwa nshafahamu: mguu ukikanyaga unasukuma kwa nguvu, mafuta yanapita yapende yasipende. Kurudi hakuna wa kuyasukuma, ni yajirudie yenyewe, na kile kipande kinayafungia mlango. Yanapenya kidogo kidogo. Kwa hiyo ukiiacha gari ikapumzika inaachia. Na ukiendesha ikiwa imekamata, breki inapata moto, mafuta yanapanuka, inakamata zaidi.

Mavyaa alisogea akautazama ule mpira. "Nje mzima, ndani kumeziba," akasema kwa sauti ya khutba. "Kama watu wengine ninaowajua."

"Mama," akasema mwanawe, "huu mpira wa breki."

Akaenda kutafuta mipira, akanunua miwili, ya kushoto na ya kulia, akisema huyu akiwa keshazeeka na mwenziwe yuko njiani. Akaitia, akatia na pedi nyengine kwa vile zile mpya zilishaungua, na diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi, akaipitishia mkono kuhakikisha haikupasuka wala kupinda. Kisha tukatoa upepo kwenye breki, mimi nakanyaga, yeye anafungua niple, mpaka mafuta meusi yote yakatoka na yakaja masafi. Mara hii aliposema achia, aliamini kwamba nimeachia.

Tukaenda kuijaribu, sote watatu, njia ya Tunguu na kurudi. Mavyaa alikaa katikati kwenye ile nusu ya kiti, mikono mapajani. Niliendesha kwa fujo makusudi, nakanyaga breki kila tuta. Tulipopita Mwanakwerekwe nikasimama, tukashuka. Yeye akaweka nyuma ya kiganja kwenye rimu ya kushoto, akaenda ya kulia, akarudi.

"Weka na wewe."

Nikaweka. Zote vuguvugu, sawasawa.

"Mara nyengine," akasema, akitazama rimu na si mimi, "lete mapema. Usisubiri mpaka itoe moshi."

"Mara nyengine," nikamwambia, "uvae ovaroli."

Jioni ile alirudi kwake Fuoni na shati lenye doa la mafuta ya breki, na mke wake, ambaye hakuwa na habari ya lolote, aliuliza limefikaje. Alimweleza yote, pamoja na ujanja wa mama. Hilo lilimpa sifa kwangu. Kwangu mimi hakuwahi kueleza hata nusu. Siku mbili baadaye nilisikia hodi, nikafungua, ni yule mke. Kijana kuliko mimi, mwembamba, mkoba mkononi. Nilijiweka tayari kwa vita. Akaniamkia "Shikamoo", jambo ambalo lilinizeesha papo hapo, nami nikalazimika kuitikia "Marahaba". Kisha akasema amesikia harusi ya Kizimkazi ina watu wengi na mimi napika peke yangu, na yeye anajua kupika sambusa na hana kazi, na kama nataka mtu, yeye yupo.

Nilimjaribu hapo hapo. Mavyaa alikuwa amewahi kuniapia kwamba mwanamke huyu hajui kuchemsha maji. Sambusa zake zilikuwa nyembamba, kavu, pembe zake zimekaa kama zimepimwa. Nilikula ngapi sisemi.

Tukaenda Kizimkazi watatu, masufuria nyuma, beseni la sambusa juu yake. Njia nzima mavyaa alitazama minazi. Tulipofika Jozani nilisimama nikapima rimu, kisha nikasimama tena Kitogani, kwa raha tu, na yule mwenzangu akashuka na kupima na yeye, akasema hazina neno.

Chakula kilitosha na kikabaki. Baada ya watu kula tulikaa ukumbini na wanawake wa pale, na bibi mmoja wa kijijini akatutazama, mimi na yule mwenzangu tuliokuwa tunagombea kipande cha mwisho cha ukoko, akamuuliza mavyaa, "Hawa wanao?"

Mavyaa akanyoosha kanga yake. Alikuwa ameshakula sahani mbili na sambusa, na mara hii hakusema mdalasini umezidi.

"Hawa wakaza mwanangu," akasema. "Wote wawili."

Ilikuwa inafaa nisahihishe. Lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa ukoko, na yule mwenzangu alikuwa anacheka mpaka machozi, na yule bibi keshaondoka kwenda kuwaambia wenziwe kwamba mjini siku hizi watu wanaishi kwa masikilizano.